Mluzi wa Chatu

Jadida, Wete
19 Aprili 1960

Kaka yangu Abrahman,

Salamu zako zimefika na sisi tu wazima, ila leo sizirefushi. Kaka, chatu wako kapiga mluzi.

Usicheke. Nilikuwa uwani napeta mchele baada ya adhuhuri. Mama kalala, mwanangu Mwanawema kalala, nyumba imetulia. Nikasikia fiii, fiii, kama mtu anayemwita mwenziwe kwa siri. Nikadhani ni watoto wa jirani. Kumbe sauti inatoka stoo! Nikafungua mlango, nikamkuta Kimya kainua kichwa mpaka kimegusa waya wa sanduku, kinywa wazi, na kila akivuta pumzi ule mluzi unatoka. Puani mna vipovu kama vya sabuni. Ungo ulinianguka, mchele wote chini.

Wewe ndiwe uliyempa jina la Kimya kwa kuwa hana sauti. Tangu ulipomleta kutoka kwenye mikarafuu, mdogo wa kuenea ndani ya kofia yako, mpaka leo amekuwa mrefu kama kitanda changu, sijapata kumsikia ila kule kufoka kwake akikasirika. Sasa analia kama firimbi. Panya niliyemwekea hakumla. Panya anampanda mgongoni, yeye hata hageuki.

Mama alisikia ukelele wangu akaja. Wajua hajavuka kizingiti cha stoo ile tangu ulipokwenda Tanga. Alisimama nje akasikiliza, uso ukambadilika.

"Nyoka hana koo la kulilia," akasema. "Hiyo si sauti yake."

"Ni ya nani basi, Mama?"

Alichukua tasbihi yake akaondoka.

Hija mume wangu yuko Tumbe na baskeli yake ya samaki, na hata angekuwapo, nyoka humwona kwa mbali tu. Wewe ndiwe unayeshinda na nyoka, kwa huyo bwana wako wa Kizungu anayewaweka masandukuni. Nijibu kwa meli ya kwanza. Naogopa atanifia mikononi, na naogopa zaidi asinifie, akaendelea kupiga mluzi.

Nduguyo,
Mwatum


Tanga
27 Aprili 1960

Mdogo wangu Mwatum,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa. Mwambie Mama si shetani. Ni ugonjwa wa kifua. Hapa kwa bwana nimeona wengi wakishikwa nao, hasa wakipata baridi na unyevu. Makohozi yanajaa, njia inaziba, na huo mluzi ni pumzi inayopenya pembamba. Anainua kichwa ili apate hewa. Akilaza kichwa anazama ndani ya kifua chake mwenyewe.

Basi nisikilize. Mtoe kwenye unyevu leo hii. Tandika gunia kavu, ukiona limelowa ubadilishe. Mtilie chupa za maji ya moto, uzifunge kwa matambara zisimuunguze, na uziweke upande mmoja tu wa sanduku ili akichoka na joto apate pa kuhamia. Mtoe yule panya, maana nyoka mgonjwa huliwa na panya. Usimpe chakula, mpe maji safi. Ukiweza, mfumbue kinywa taratibu kwa kijiti laini umfute povu kwa pamba. Hana sumu, wajua, lakini meno anayo.

Halafu niambie, stoo inavuja? Kuna moshi unaoingia? Jambo la moshi ulishike sana. Mtu akiingiwa na moshi anakohoa, anautoa. Nyoka hajaumbwa kukohoa, Mwatum. Kinachoingia kifuani mwake hukaa humo humo.

Bwana kaniahidi dawa ya sindano, nitaileta kwa posta. Usimwache Kimya. Yule ni mimi niliyebaki hapo nyumbani.

Kakako,
Abrahman


Jadida
6 Mei 1960

Kaka Abrahman,

Nimeyafanya yote. Stoo inavuja, nayo ilianza kuvuja hapo ulipokuwapo, ukasema utatia makuti mapya kabla hujasafiri. Maji yalikuwa yakitambaa chini ya sanduku na mimi sina habari. Gunia alilolalia lilikuwa limeoza. Nililia, wallahi, kwa aibu.

Sasa kahamia kona kavu, karibu na ukuta wa chumba changu. Chupa za moto nambadilishia asubuhi na jioni. Mara ya kwanza nilipomfuta kinywa roho iliniruka nikakimbia mpaka mlango wa njia. Mara ya pili nilibaki. Ndani ya kinywa chake ni pekundu, na makohozi yananata kama utomvu. Siku mbili tatu mluzi ulipungua nikafurahi, kisha ukarudi mkali kuliko mwanzo. Sielewi kwa nini.

Moshi hapana. Jiko letu liko uwani, wewe mwenyewe wajua. Asubuhi nikirudi kisimani husikia harufu kama ya mpira, lakini nadhani ni yule fundi baskeli wa jirani.

Na Mwanawema kashikwa na kifua. Alianza na mafua ya mvua hii, sasa kifua kinambana, usiku hajilazi, anataka nimpakate wima. Mama humtazama mtoto, akenda akasimama mlango wa stoo akasikiliza, akarudi akamtazama mtoto tena. Nimemuuliza anafikiri nini. Anasema, "Nafikiri vyangu."

Hija kasema mtoto asipopata nafuu tumpeleke hospitali. Leta dawa ya Kimya upesi.

Mwatum


Tanga
14 Mei 1960

Mdogo wangu,

Dawa hiyo, na sindano yake. Ichemshe sindano katika maji yanayotokota. Mchome upande wa mbele wa mwili, si mkiani, penye nyama kando ya uti wa mgongo, na usipite kati ya magamba kwa pupa, inua gamba kwanza. Mtu mmoja ashike kichwa kwa nyuma ya taya, mwingine aushike mwili usijizungushe. Rudia kila baada ya siku moja mpaka chupa iishe. Akianza kujisogeza mwenyewe kwenye joto na kurudi penye baridi, jua anapona. Rangi ya makohozi ni ipi, nyeupe au manjano? Hukuniambia. Na akilaza kichwa, anakilaza kwa muda gani? Niandikie yote, usiache kitu.

Bwana anamuulizia kila asubuhi. Nimemwambia ni chatu mzuri sana, magamba yake yanang'aa.

Mtoto mpe asali na tangawizi.

Abrahman


Hospitali, Wete
17 Mei 1960

Abrahman,

Barua yako Hija kaniletea hapa nilipo. Nimeisoma mpaka mwisho nikitafuta jina la mwanangu. Halimo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, naye kalala ndani, kachomwa sindano, pua zinamcheza kama za sungura. Wamesema tumemuwahi. Neno hilo la kumuwahi ndilo linalonitia baridi kila nikilikumbuka.

Sikiliza lililotokea. Asubuhi nilitoka na ndoo kwenda kisimani, nikamwacha Mwanawema kitandani na Mama uwani. Njiani nikakumbuka nimesahau kata ya kutekea maji. Nikarudi. Ile harufu ya mpira ikanipokea mlangoni, safari hii nzito, na ndani yake kitu kinachowasha macho. Mlango wa fundi baskeli ulikuwa umefungwa. Harufu ilikuwa ya kwetu.

Mama alikuwa kachutama mlango wa stoo. Kafunga kanga puani. Mbele yake kigae cha makaa, juu ya makaa pilipili kavu na vipande vya mpira wa ndani wa baskeli ya Hija, ule wa zamani. Anapepea kwa kipepeo cha ukindu, anausukuma moshi ndani. Macho yanamtoka machozi. Na kila akipepea, anasoma.

"Mama! Unafanya nini?"

Hakushituka. Alinitazama kama mtu aliyechoka kungoja niulize. "Namtoa," akasema. "Kachukua pumzi ya ntoto. Huisikii? Sauti moja."

Nikasikia. Kaka, naapa nilisikia. Upande huu wa ukuta fiii, na upande wa pili fiii. Nilisimama katikati nisijue ipi ya nyoka na ipi ya mwanangu. Kisha nikatazama juu. Ukuta ule haufiki darini, wajua, umeishia urefu wa mtu. Moshi ulikuwa ukipanda, ukijikunja juu ya ukuta, ukishuka kitandani kwa Mwanawema.

Nilimkuta midomo imepiga weusi. Ngozi ya hapa chini ya koo inaingia ndani kila akivuta. Hata kulia hawezi. Nikambeba nikakimbia pekupeku mpaka hospitali, na njia nzima nasikia maneno yako, kinachoingia hukaa humo humo, kinachoingia hukaa humo humo.

Alikuwa akifukiza kila nitokapo, Abrahman. Tangu mtoto aanze kukohoa. Mtoto akizidi, na yeye huzidisha moshi.

Mama yuko nje ya lango la hospitali. Hataki kuingia, hataki kurudi nyumbani. Hija kampelekea chai, hakuinywa.

Rangi ya makohozi sikuitazama.

Mwatum


Tanga
24 Mei 1960

Mwatum,

Nimeandika barua ya kwanza nikaichana, ya pili ilikuwa ya Mama, nayo nimeichana, maana niliyoyaandika humo si ya mtu kumwambia mamake.

Kila nikikaa naiona ile barua yako ya mwanzo wa mwezi huu, uliponiandikia harufu ya mpira. Uliniandikia! Mimi ndimi niliyekwambia ulishike jambo la moshi, kisha ukanitajia harufu nikaipita, kwa kuwa macho yalikuwa yakitafuta habari za chatu. Na mtoto nikampa asali na tangawizi. Mstari mmoja. Wenzangu hapa wananiuliza nini kimenipata.

Mwanawema anaendeleaje? Niambie yeye kwanza. Niambie yeye tu.

Na Mama, alijua? Nataka kujua kama alijua ukuta haufiki juu. Ameishi nyumba ile tangu kuolewa kwake. Mwulize, au usimwulize. Sijui.

Kimya kama bado yu hai, dawa mnayo. Kama amekwisha kufa, mfukieni, na msinifikirie.

Abrahman


Jadida
3 Juni 1960

Kwa mwanangu Abrahman bin Mjaka,

Haya ni maneno ya mamako Kazija. Mwatum anaandika, mimi nasema, na nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Ntoto kapona. Karudi nyumbani, anakula, anapiga kelele. Nilikuwa sitaki kumsogelea. Nilikaa ukumbini naye yu chumbani, nikasema mikono hii imekwisha kosa kazi. Alitoka mwenyewe akanikalia mapajani, akanivua miwani. Hajui kitu. Hiyo ndiyo adhabu yangu, kuwa hajui kitu.

Umeuliza kama nilijua. Mwatum hakutaka kunisomea hapo, nikamwambia soma. Nilijua ukuta haufiki. Nilimfunika kanga mbili nikadhani zatosha. Baba yenu alikufa kwa pumu katika chumba kile kile, sauti ile ile, wewe ulikuwa skuli hukuisikia. Mimi niliisikia siku nyingi. Siku nyoka alipoitoa, nilijua imerudi kuchukua mwengine. Ntoto alipoitoa na yeye, sikuwa na akili tena ya kupima ukuta. Sikwambii hivi ili unisamehe. Umeuliza, nakujibu.

Sasa la nyoka. Dawa ilikaa siku kadhaa bila kuguswa. Mwatum kasema, potelea mbali. Mimi nikasema, dawa imeletwa, mgonjwa yupo, na mgonjwa nimemzidisha mimi. Hija akashika mkia na uso kaugeuzia ukutani. Akaambiwa ashike kichwa, akauachia na mkia, akatoka mpaka barabarani.

(Kaka, ni kweli, na alisahau viatu. Mwatum.)

Nimekwambia usiongeze. Basi nikaingia mimi. Nilimshika nyuma ya taya kama ulivyoandika, Mwatum akachoma. Nikastaajabu. Miaka yote hii nikidhani ana utelezi, kumbe ni mkavu, kama mkeka mpya. Na ndani ya mkono wangu nikaisikia pumzi yake inavyohangaika, inakwama, inapita, inakwama. Sikupata kumshika baba yenu hivyo. Sikujua.

Sasa chupa ya dawa imekwisha, na mluzi hausikiki ila ukiweka sikio. Anakwenda kwenye chupa za moto, kisha anarudi.

Nina swali moja, Abrahman. Dawa ya sindano haiokotwi njiani. Ulipata wapi mzungu wa kukupa dawa bure kwa ajili ya nyoka aliye ng'ambo, asiyemjua? Naye akamuulizia kila asubuhi? Mimi sikusoma, lakini hilo limenikaa kifuani. Nijibu kweli.

Mamako,
Kazija binti Matano


Tanga
10 Juni 1960

Kwa Mama yangu mpenzi, na kwa Mwatum,

Shikamoo, Mama. Nimesoma barua yako mbele ya masanduku ya nyoka, nikashindwa kuendelea na kazi.

Bwana hakunipa bure. Hao nyoka tunaowakamata huwapeleka Ulaya, kwenye bustani za wanyama. Nilipomwomba dawa aliniuliza chatu ana urefu gani na afya yake ilikuwaje kabla. Nikamwambia. Akasema, haya, chukua dawa, akipona ni wangu. Nikakubali. Niliogopa atakufa, na nikajiambia chatu aliye hai Ulaya ni bora kuliko aliyekufa Jadida. Sikuwaandikia kwa kuwa nilijua Mwatum asingemchoma sindano nyoka wa kwenda kupakiwa melini.

Sasa kasikia kapona, maana nilishindwa kuificha furaha yangu. Anamtuma mtu wake na sanduku la mbao. Atafika Wete kwa meli ijayo, huenda pamoja na barua hii. Mimi kanikataza kuja, kazi nyingi. Nimekaa usiku kucha nikifikiri, nikaona neno nimelitoa, sina la kufanya. Mpeni. Msigombane naye.

Mama, uliyemtaka atoke sasa anatoka. Nilidhani siku hii ikija mtafurahi nyote.

Abrahman


Jadida
19 Juni 1960

Kaka Abrahman,

Mpaka sasa siamini macho yangu, nakuandikia huku nacheka.

Barua yako tumeletewa na mtu wa bwana wako mwenyewe. Tulikuwa tunakula cha mchana. Hodi, hodi. Bwana mmoja wa bara, mstaarabu, suruali ya kaki, nyuma yake mchukuzi na sanduku lenye matundu. Akaamkia vizuri, akasema ametumwa kumchukua chatu wa Bwana Abrahman. Akanipa barua yako. Nikaisoma hapo hapo kwa sauti, maana Mama alisema soma. Nilipofika pale pa Ulaya niliurudia mstari mara mbili.

Nilimtazama Mama. Nilijua atakalosema. Wewe pia ungelijua. Mwanamke aliyepepea moshi siku zote zile, leo kaletewa mtu wa kumwondolea nyoka mlangoni bila ya jasho.

Mama alinawa mikono taratibu. Akachukua tasbihi, akajitanda kanga yake, akaenda akasimama katikati ya mlango.

"Karibu, baba," akasema. "Umetaabika bure. Hapa hapana nyoka."

Yule bwana akasema, "Lakini bibi, barua inasema—"

"Alikuwapo. Alikuwa ngonjwa wa kifua. Kila ntu wa mtaa huu alimsikia." Akamwonesha nyumba za jirani kwa mkono wenye tasbihi. "Nenda kaulize kama leo wasikia kitu."

Wakasikiliza wote wawili. Mimi nilizuia hata pumzi yangu. Ndani ya stoo, hatua chache nyuma ya Mama, Kimya alikuwa amejikunja juu ya gunia kavu, na hapakutoka hata fiii moja.

Yule bwana akavua kofia. Akasema, "Basi poleni." Mama akajibu, "Tushapoa," akamwambia asubiri, akamfungia muhogo wa kuchoma wa njiani. Mchukuzi akageuka na sanduku lake tupu kichwani, wakashuka kuelekea bandarini.

Mama, Abrahman! Mama ambaye hata umri wa kuku wake hadanganyi sokoni!

Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Mama, umefanya nini? Abrahman ametoa neno lake kwa bwana yule. Atafukuzwa kazi."

"Akifukuzwa atakuja kwao," akasema. "Mwandikie hivyo. Neno la kuuza kitu kilichomo nyumbani mwangu sikulitoa mimi."

Halafu zile nguvu zikamwisha. Alikaa pale pale chini, mgongo kauegemeza mlangoni. Nikamletea maji. Alikunywa yote. Akautazama mlango wa stoo, mimi nikingoja aseme kuwa kajuta, au alie, au aniambie nikamwite yule bwana arudi.

"Mwatum," akasema, "hivi huyu hula nini?"

Nduguyo,
Mwatum